Mwanafunzi wa sekondari anaenda fildi: mambo ya kuweka sawa kabla hajatoka getini

Tangu mtaala mpya uanze Januari 2024 na mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na kazi za mikono, uingie sekondari, hapa Arusha watu wanaulizana swali ambalo zamani lilikuwa la vyuo tu: huyu mtoto wa kidato cha tatu anaendaje kazini, anaenda kufanya nini, na akipata shida huko nani anahusika? Wazazi wanauliza, wenye gereji wanauliza, na sisi walimu tunaulizana ofisini. Kila mtu ana jibu lake, mana humu ndani kuna mambo mengi yamekorogwa pamoja: sheria ipo, hela ipo, usalama upo, adabu ipo, alafu kuna lile la kujifunza lenyewe ambalo ndo sababu ya safari nzima na mara nyingi ndo linasahaulika. Naomba niyatenganishe kadiri ninavyoyajua kwa kazi hii ya kuwatafutia wanafunzi nafasi na kuwafuatilia wakiwa huko.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Kuna ziara, yaani darasa zima linapakiwa kwenye basi mnaenda kiwandani mnaangalia mnarudi, hiyo sio fildi. Kuna fildi yenyewe, mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi anakaa sehemu moja ya kazi wiki mbili, tatu, nne, huku bado ni mwanafunzi wa shule na shule ndo inamsimamia. Kuna uanagenzi, huo ni mkataba mrefu wa kujifunza ufundi chini ya fundi au kampuni, na huku kwetu kaskazini haujaanza leo, chuo cha ufundi stadi cha VETA Moshi ni kimoja cha vyuo vilivyoendesha ule uanagenzi pacha wenye asili ya Ujerumani ambao mwanafunzi muda mwingine yupo chuoni na muda mwingine yupo kazini. Kuna utarajali, huo ni wa mtu ambaye ameshahitimu anatafuta uzoefu. Na kuna kibarua, ambapo mtu anatoa nguvu yake analipwa basi. Tatizo linaanza pale shule inaposema fildi, mzazi anasikia kibarua, mwenye gereji anasikia mtu wa bure wa kufagia, na mtoto yeye anasikia likizo. Watu wanne, safari nne tofauti, na hakuna aliyeuliza mwenzake. Kama una muda wa kufanya maandalizi ya kitu kimoja tu basi fanya hilo, waweke hao wanne wasikie sentensi moja ileile.

Sasa sheria, mana hapa kuna uoga pande mbili. Wapo wenye biashara wanakataa kabisa, wanakwambia mwalimu mimi sitaki kesi ya ajira ya watoto. Na wapo wanaopokea kila mtoto bila kuuliza umri wala kuomba karatasi. Wote wawili wanahitaji kuelezwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema aliye chini ya miaka 14 haajiriwi, akishafika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomdhuru na isiyoharibu masomo yake, na aliye chini ya 18 haajiriwi mgodini, kiwandani, kuwa baharia melini, wala sehemu nyingine yoyote yenye mazingira hatarishi, hata ile isiyo rasmi, hata shambani. Watu wengi wanaishia kusoma hapo. Lakini kifungu hichohicho cha 5 kinaendelea, kinasema sheria zinazosimamia mafunzo zinaweza kumruhusu aliye chini ya 18 awepo kiwandani au mgodini kama hiyo kazi ni sehemu ya mafunzo yake, na sehemu nyingine za kazi pia, kwa masharti kwamba afya yake, usalama wake na maadili yake vinalindwa kikamilifu na kwamba ameshapata au anaendelea kupata maelekezo mahususi ya kazi hiyo.

Soma hayo masharti mara mbili. Yaani kinachomtofautisha mwanafunzi wa fildi na mtoto anayetumikishwa ni kufundishwa na kulindwa. Siku fundi anapoacha kumfundisha na kumwangalia, akabaki anambebesha injini tu, huo mlango wa mafunzo umefungwa, hata kama barua ya shule ina mhuri mkubwa kiasi gani. Ndo mana mimi barua peke yake hainitoshi. Alafu kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, hiyo inakataza mtoto kufanya kazi usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo ukisikia mwanafunzi wa hoteli kapangiwa zamu ya usiku kwa sababu wageni ni wengi, hapo hakuna mjadala, mwalimu anapiga simu siku hiyohiyo.

Kwa vitendo haya yote yanaingia kwenye karatasi moja tu. Msiandike kurasa sita, fundi wa mtaa wa Unga Limited hana muda wa kusoma kurasa sita na hata wewe usingesoma. Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida: mwanafunzi anaitwa nani, ana umri gani, anakuja tarehe ipi mpaka ipi, saa ngapi mpaka saa ngapi, atajifunza kazi zipi, kazi zipi haruhusiwi kabisa, nani pale kazini anamwangalia, na namba ya mwalimu na ya mzazi. Hiyo sehemu ya kazi asizoruhusiwa iandikwe kwa kutaja vitu vyenyewe. Ukiandika "kazi hatarishi" kila mtu ataelewa kivyake, kwa fundi aliyefanya kazi miaka ishirini kuchomelea bila miwani sio hatari ni Jumanne ya kawaida. Andika: hachomelei bila miwani na glovu, haingii chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu, hagusi grainda bila fundi kuwa pembeni, hapandi juu ya paa, haendeshi gari la mteja hata kulisogeza. Huyo anayemwangalia naye atajwe kwa jina. Wakisema "tutamwangalia wote" jua hakuna atakayemwangalia.

Na mzazi asaini mbele yako kama inawezekana, sio karatasi iende na mtoto irudi na mtoto. Nina sababu. Mzazi akija shuleni anauliza maswali, kwa mfano akiumia nani anampeleka hospitali na nani analipa. Hili swali lijibiwe kabla. Kama mtoto ana bima ya afya kadi iwe kwenye begi lake kila siku, kama hana, shule na mzazi na mwenye eneo wakubaliane kwa maandishi nani anaanza kutoa hela, mana pale mkono unavuja damu sio wakati wa kupigiana simu.

Tukitoka kwenye makaratasi ndo tunafika kwenye maandalizi ya mwanafunzi mwenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Shule nyingi zinamwandaa mwanafunzi kwa hotuba. Siku moja kabla ya kuondoka wanakusanywa bwaloni wanaambiwa mkawe na nidhamu, mkawahi, mkatunze jina la shule, msituaibishe. Yote ni kweli ila hayamsaidii mtoto asubuhi ya kwanza. Asubuhi ya kwanza anafika gereji saa moja na nusu, fundi yupo chini ya gari la Noah anaonekana miguu tu, mafundi wengine wanapiga stori na chai, hakuna anayemjua. Anasimama pembeni ya geti na begi mgongoni. Saa mbili bado kasimama, saa nne bado. Sio mvivu huyo mtoto wala hana dharau, ila miaka yote amefundishwa kwamba mwanafunzi mzuri ananyamaza mpaka aulizwe! Darasani kunyamaza ni nidhamu, kazini mtu aliyenyamaza wanasema huyu hapendi kazi, na fundi akishamwandika hivyo kichwani wiki mbili zinaisha mtoto anashika ufagio na kutumwa vocha. Kwa ninavyoona mimi, fildi nyingi zinaharibika ndani ya siku tatu za kwanza na zinaharibika kwa sababu hiyo hapo.

Kwa hiyo tunafanya mazoezi, na mazoezi yenyewe ni igizo. Meza mbili zinaunganishwa, mwalimu au mwanafunzi mmoja analala chini yake anakuwa fundi, pembeni kuna boksi la vifaa tulivyoazima karakana, spana, bisibisi, plaizi, nyundo, tupa. Mwanafunzi anaingia. Anatakiwa afanye mambo matatu tu, asalimie, ajitambulishe, aombe kazi. "Shikamoo fundi. Naitwa Neema, ndo yule mwanafunzi wa fildi mliyeongea na mwalimu. Begi niweke wapi, na nianze na nini?" Ukiandika hivi inaonekana rahisi mno, lakini muweke mtoto wa miaka 16 mbele ya wenzake aseme kwa sauti, utaona. Wa kwanza anasema kwa kunong'ona, wa pili anacheka, wa tatu anasahau jina lake. Wakirudia rudia inakaa mdomoni, na kikishakaa mdomoni kitatoka hata akiwa anatetemeka.

Alafu fundi wa chini ya meza anapaza sauti bila kutoa kichwa: "Dogo, nipe ya kumi na nne!" Hapo ndo igizo linapokuwa tamu. Asiyejua atafanya moja kati ya mawili, atachukua spana yoyote ampe, au atasimama ameganda. Tunawafundisha la tatu: "Fundi sijaifahamu, nionyeshe mara moja nitaikumbuka." Na wakishaonyeshwa waandike. Nimeshaongea na mafundi wengi na wote wananiambia kitu kinachofanana, hawakasiriki mtoto akisema hajui, wanakasirika akidanganya kwamba anajua alafu akaharibu kichwa cha boliti ya mteja.

Kwa wanaoenda hotelini igizo ni hilohilo ila mbinu zinabadilika. Mgeni anauliza kitu kwa Kiingereza mwanafunzi hajaelewa, afanyeje? Wengi wanaitikia yes tu huku wanatabasamu, mgeni anasubiri chai yake mpaka jioni. Wafundishwe kumwomba mgeni arudie taratibu, na kama bado, waseme wanaenda kumwita mkubwa wao, na waende kweli. Pia wajue hoteli haina kuonja onja jikoni bila ruhusa, haina kuchukua kitu kilichosahaulika chumbani hata kama ni kalamu, kinapelekwa mapokezi na kinaandikwa. Na mwanafunzi haingii chumba cha mgeni peke yake, anaingia na dada au kaka wa usafi na mlango unabaki wazi muda wote. Hiyo nayo iandikwe kwenye ule ukurasa mmoja.

Simu pia tuiongelee, mana watoto wetu wanaishi humo. Kupiga picha mgeni, mgonjwa, faili, risiti, gari la mtu na namba zake, alafu unaweka status, hilo sio utoto tena. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na wenye hoteli na zahanati wanaiogopa kwa haki. Tunawaambia simu ikae kwenye begi mpaka mapumziko, na picha ya kazi ukiitaka kwa ajili ya ripoti unaomba, unapiga kifaa, hupigi mtu.

Sasa hili nalisema bila kuzunguka, hasa kwa wasichana lakini na wavulana pia. Kuna watu wazima wanaona mwanafunzi wa fildi kama mtoto asiye na mwenyewe. Anaanza na soda, anaendelea na lifti, anaishia kusema nitakuandikia ripoti nzuri. Mwanafunzi ajue kabla hajaondoka kwamba kuna mambo hayavumiliwi hata kwa ajili ya ripoti: kuguswa asipotaka, kuitwa baada ya kazi, kuambiwa abaki peke yake, kuombwa namba kwa siri. Na ajue kwamba akiondoka hapo siku hiyohiyo kwa sababu hiyo shule haitamuuliza kwanini ameacha fildi, itamuuliza yuko wapi iende kumchukua. Hiyo ahadi lazima mkuu wa shule aitoe mwenyewe kwa mdomo wake, mbele yao. Tunawapa namba tatu za kukariri, ya mwalimu, ya nyumbani, na 116 ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto na hailipiwi. Wakariri kichwani, simu inaweza kuisha chaji. Na mwalimu aende kutembelea bila kutoa taarifa, walau mara moja wiki ya kwanza, mana ukitoa taarifa utakuta mtoto kavalishwa ovaroli safi.

Hela. Fildi ya sekondari kwa kawaida haina mshahara, na ni vizuri mtoto aambiwe hivyo wazi ili fundi akimpa elfu mbili ya chakula ashukuru, na asipompa asinune. Lakini kutolipwa hakumaanishi hakuna gharama. Mtoto anayekaa Ngaramtoni ukampangia gereji Njiro anapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, na kuna kitu walimu wengi hatukifikirii: kwenye fildi hajavaa sare. Konda anaangalia ovaroli anasema lete nauli ya mtu mzima, na wala huwezi kumlaumu sana. Kwa familia nyingine hiyo tofauti, ukizidisha kwa siku zote za fildi, ndo inayoamua mtoto aende au aishie kudanganya kwamba ameenda. Sisi tunawaambia watoke nyumbani na sare na kitambulisho, wabadilishie kazini. Na kabla ya kupanga nafasi tunachora nani anakaa wapi, Sakina, Kijenge, Moshono, Tengeru, alafu tunatafuta sehemu za karibu kwanza. Afadhali gereji ndogo ya mtaani anayofika kwa miguu saa moja asubuhi kuliko kampuni kubwa yenye jina anayofika saa tatu akiwa na njaa. Najua wazazi wengi wanapenda hilo jina kubwa. Ila kwenye gereji ndogo mtoto anashika spana siku ya pili, kwenye kampuni kubwa anaweza kumaliza fildi nzima anapanga mafaili.

Kinachobaki ni daftari la fildi, na hili nalipigania sana kwa sababu ndo pekee linaloonyesha kama mtu amejifunza au amehudhuria. Wakiachwa wenyewe wanaandika hivi kila siku: "Leo nilijifunza kuhusu matairi na nilimsaidia fundi." Mwalimu anapiga tiki, wiki inaisha, hakuna kitu. Tunawataka waandike mambo matatu, nimefanya nini kwa mkono wangu, nimeambiwa nini, na sijaelewa nini. Ikiandikwa hivyo inakuwa kitu kingine kabisa, angalia: "Leo nimefunga tairi la mbele kushoto la Noah. Fundi kanizuia kukaza nati zinazofuatana. Unakaza moja, unaruka moja, mpaka ziishe, mana ukikaza zinazofuatana rimu inakaa upande. Sijaelewa kwanini anamalizia kukaza gari likiwa limeshashushwa." Huyu kesho yake ana swali la kwenda nalo kazini. Na jibu atalipata kwa macho, tairi likiwa hewani ukilikaza kwa nguvu linazunguka na wewe, na gari lililo juu ya jeki sio la kulivutia nguvu, likishashuka chini limetulia ndo unaweza kukaza sawasawa. Huo mstari wa "sijaelewa" watoto wanauogopa mwanzoni wanadhani wanajichongea maksi. Mpe maksi nyingi zaidi kwenye mstari huo kuliko mingine, utaona wanavyoanza kuuliza.

Fundi naye anaandaliwa. Hili mara nyingi linarukwa, tunamwandaa mtoto miezi alafu tunamtupa kwa mtu ambaye hajaambiwa kitu. Kaa naye dakika kumi, tena asubuhi kabla kazi hazijamzidi. Muulize wiki hizo ana kazi gani, kati ya hizo mtoto anaweza kuanza na ipi, na mwisho wa fildi angependa mtoto aweze kufanya nini bila kuongozwa. Mafundi wengi hawajawahi kuulizwa hilo swali la mwisho, na wakiulizwa wanajibu kwa heshima kubwa, wengine wanaanza palepale kupanga kwamba siku ya kwanza ataosha vifaa, ya pili atabadilisha oili, ya tano ajaribu breki nikiwa pembeni. Ukiona mtu anakujibu "we mlete tu, kazi zipo", mshukuru alafu tafuta kwingine.

Mwisho ni suala la muda, na hapa Arusha na Moshi lina mtego wake. Likizo ya shule ni Juni, na Juni ndo sizoni ya watalii inaanza kuchanganya, magari ya safari yanatoka, wapanda mlima wanajaa Moshi, hoteli zinajaa. Ukibisha hodi hotelini wiki ya kwanza ya Juni utapokewa haraka sana mana wanahitaji mikono, na hapohapo ndo hakuna mtu mwenye nafasi ya kumfundisha mtoto. Nenda Aprili na Mei, masika mvua zinanyesha wageni wachache, meneja yupo ofisini na anaweza kukusikiliza, mnasaini ule ukurasa, mnamtaja mtu wa kumwangalia, na kama ikiwezekana wanafunzi wawili watatu wapite hata Jumamosi moja waonyeshwe jengo na watu. Gereji za magari ya safari nazo ni hivyohivyo, masika ndo magari yanalala gereji yanafanyiwa matengenezo makubwa, Juni yakishaingia mbugani gereji inabaki na dharura tu. Kama shule yako inaweza kuomba ruhusa ya kupeleka wale wa ufundi magari mwezi Mei badala ya Juni, fuatilia hilo mapema mwanzoni mwa mwaka.